Sori ya Mjomba Athumani

Nyumbani kwangu neno sori halisemwi. Wajukuu wanajua. Ukinikanyaga niambie samahani, nikijikwaa niambie pole. Maneno yote mawili tunayo, na kila moja lina kazi yake. Watoto wa Dar wakija likizo husahau, wanaropoka "sori bibi", nami nawaka kwa hasira isiyolingana na kosa lenyewe. Wanaangaliana. Mama yao huwaambia, mwacheni bibi yenu, ana lake huyo. Ninalo kweli. Mwaka jana, masika yakiishia, nililetewa habari kwamba mjomba wangu Athumani amelazwa Utete na kwamba ananiulizia, nikafunga kibanda changu cha vitenge hapa Kibiti nikaondoka. Njia nzima sikuwaza ugonjwa wake. Niliwaza mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka niliokaa kwake Mbuchi, ndani kabisa ya delta, kwa sababu tangu mwaka ule hatukuwahi kulizungumza lile neno, na niliona nikichelewa safari hii basi tena. Ya ukoo wetu, nani kamzaa nani, nitayaacha. Anayeyataka aje msibani kwetu, huko yanasimuliwa mpaka chai inapoa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Wa umri wangu mnaikumbuka. Sabuni iliyokuwa ikifichwa chini ya kaunta ikawa inapangwa barabarani, mitumba ikashushwa kwa marobota, na kila aliyepita njia kuu na gari lake akawa anaitwa mwekezaji. Kiingereza nacho kikawa bidhaa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, jina langu halikutoka miongoni mwa waliochaguliwa, nikawa nakaa kwa shangazi hapa Kibiti namsaidia kukaanga maandazi. Shangazi akasema huyu mtoto asije akaozea kwenye mafuta, akanipeleka tuisheni kwa Mwalimu Kitwana. Darasa lilikuwa stoo ya mnunuzi wa korosho. Tulikaa juu ya magunia na vumbi lake liliwasha koo. Mwalimu alikuwa na ubao, vipande vya chaki, na mbinu yake moja: neno moja kwa siku, ulitumie kutwa katika maisha yako, kesho uje useme ulilitumia wapi. "Neno usiloweza kulitumia jikoni hujalijua," alikuwa akituambia, na sisi tukamwona mjuzi kwelikweli. Siku ya neno hilo aliliandika, akazipigia mstari zile r mbili, akatugeukia. "Sori. Maana yake pole. Mtu kaumia, sori. Kafiwa, sori. Kachoka, sori. Kuna swali?" Swali litoke wapi? Pole nani asiyeijua? Tukatoka pale mbio. Nikamwambia shangazi sori na kazi, tukawaambia abiria wa mabasi sori na safari, na Ramadhani ilipoingia mji mzima vijana wakawa wanaambiana sori na swaumu. Mwalimu Kitwana ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, lakini kila nikimkumbuka nusu ya moyo wangu inamwombea dua na nusu inataka kumkamata kanzu nimuulize: ile maana ya pili uliipeleka wapi?

Mwaka uliofuata kampuni moja ikafungua kambi Mbuchi, ya kununua kamba, hawa wa baharini. Mjomba Athumani, kaka yake mama, aliajiriwa kuendesha boti lao la mashine, na siku moja akaja Kibiti na kofia yake safi, akanywa chai kwa shangazi, akasema wanamtafuta binti wa kumpikia mzungu, mwenye Kiingereza kidogo. Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Nilikaa nyumbani kwake, chumba cha uani kilichonuka mpunga mpya na moshi, na mkewe, Bi Mgeni, alinichukua kama mwanawe. Jioni tulikula ugali wa muhogo na wale kamba waliovunjika vichwa, maana wazima waliingia kwenye friza la kampuni na waliovunjika kampuni haikuwataka. Bi Mgeni aliwapika kwa nazi nzito na ndimu. Sijawahi kula kitu kitamu kuliko wale kamba wasiotakiwa, na huwa nasema hivyo hata nikiwa mahali wanapoweka wazima mezani.

Mzungu mwenyewe aliitwa Mista Roni. Leo nikimfikiria namwona kijana tu, mwekundu, miguu imeliwa na mbu, anakunywa chai yangu ya tangawizi huku akishukuru kila funda. Sikumchukia wala simchukii. Chini yake alikuwepo Meneja, mtu wa Dar, shati limepigwa pasi hata kwenye tope lile, na yeye Kiingereza alikuwa nacho tele. Wengine wote tulikuwa watu wa kuonyeshana kwa mikono.

Sasa lazima nieleze Mjomba alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hilo hamtaona kilichovunjika. Alikuwa mshenga. Kijana wa kisiwa hiki akitaka mke kisiwa kile, anayetumwa kupeleka posa ni Athumani. Alikuwa na ulimi wa taratibu, hakuongeza neno hakupunguza, na wazee wa pande zote mbili walijua alichokisema ndicho alichotumwa. Mwaka ule alikuwa na posa ya kijana wa Mzee Faki, jambo kubwa, lilikuwa limebakia jibu la mwisho tu. Mtu wa hivyo hapiti mbele ya mwenzake aliyechoka akanyamaza. Kwetu ukimkuta mtu analima, pole na kazi. Katoka mtoni na mzigo, pole na mzigo. Kupita kimya ni kumwona mwenzako si mtu. Na Mjomba aliumia kwamba kila siku anamvusha Mista Roni kwenye mvua na jua, na hana la kumwambia.

"Siwema," akaniambia jioni moja, Bi Mgeni anakuna nazi, "hivi huyu bwana mtu akitaka kumpa pole anasemaje?"

"Sori, Mjomba."

"Soli."

"Sori. Na ikiwa pole sana, unasema veri sori."

Alilirudia mpaka nazi ikaisha kukunwa. Bi Mgeni akamcheka: "Mwanaume mzima unajifunza pole ya kizungu, yangu ya Kiswahili mbona siisikii?" Akamjibu kwamba yake ameiweka akiba. Tulicheka sana usiku ule.

Basi kuanzia hapo Mista Roni akawa anapokea sori asubuhi na jioni. Amelowa, sori. Amegonga kidole kwenye ubao wa boti, sori. Amekaa anahesabu mizigo, sori na kazi. Kila mara alimtazama Mjomba kidogo, kisha akatikisa kichwa na kutabasamu. Siku moja nawatilia chai, nikamsikia akimuuliza Meneja, na nilishika maneno machache tu: kila siku, sori, kwa nini. Kwamba huyu mzee kila siku anafanya nini mpaka aombe radhi? Hiyo sehemu ya kuomba radhi ndiyo sikuielewa wakati ule. Nimeiunga baadaye nikiwa mtu mzima. Meneja alicheka, akajibu kitu kifupi, wakaendelea na chai. Mtu aliyeweza kueleza alikuwepo mezani, tena kikombe chake nakijaza mimi.

Asubuhi moja niliamka nikasikia kunguru. Ilinichukua muda kujua kwamba nawasikia kwa sababu jenereta halingurumi. Kufika kambini, watu wamesimama mbalimbali. Mapipa ya dizeli yalikuwa matupu, mpira wa kupitishia mafuta umekatwa, na chini ya mlango wa friza yalikuwa yanatiririka maji yenye rangi, na harufu yake jamani, msiniulize. Kamba wa bamvua zima, siku zote za maji makuu, walikuwa mle ndani, na meli ya kuwachukua ilikuwa njiani. Mista Roni alikaa juu ya kreti lililopinduliwa, mikono kichwani, vidole vimezama kwenye nywele. Mpaka leo sijui nani aliichukua ile dizeli. Nina ninayemshuku, na wenzangu wote wa kambini wanamshuku huyohuyo, lakini kushuku si kujua, na jina lake nitazikwa nalo.

Mjomba alikuwa amelala kwake, ndio kwanza anakuja. Alipoona hali ilivyo hakumuuliza mtu. Akaenda kunawa miguu, akafunga vifungo vya shati mpaka cha juu, akaweka kofia sawa, kama mtu anayeingia nyumba yenye msiba. Mimi nilikuwa mlango wa jikoni na birika mkononi, nikawa najisikia fahari kwa ajili yake, Mungu anajua, kwamba katika watu wote waliosimama pale ni mjomba wangu peke yake anayejua adabu. Akamwendea, akainama, akamwekea mkono begani.

"Sori," akamwambia. "Veri sori, Mista."

Mista Roni aliinua kichwa. Alimtazama muda, kisha akamuuliza kwa Kiingereza cha polepole, kile wanachotumia kwa watoto, na hilo swali nililielewa lote: Ni wewe uliyefanya?

Mjomba hakuelewa hata neno moja. Siku ileile, nilipomtafsiria swali lile, aliniambia alidhani anaulizwa kama pole hiyo inatoka moyoni. Basi akamtazama machoni, akatoa neno jingine kati ya yale machache aliyokuwa nayo. "Yes," akasema. "Yes. Veri sori."

Na mimi sikusogea. Si kwamba niliogopa. Nilikuwa bado sijaelewa. Kwa maana niliyofundishwa mimi, jibu lile halikuingia kwenye swali lile, nikawa nimesimama navipanga vitu viwili ambavyo havipangiki. Mista Roni machozi yakamlengalenga. Akasimama, akampa Mjomba mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, akasema mengi. Katika hayo nilishika neno mkweli. Nilisikia polisi, na kabla yake hapana. Mjomba akatabasamu, uso wote, akasema "Thenkyu," akarudi kwenye boti lake ametulia, kama mtu aliyefikisha ujumbe salama.

Ndipo Meneja akapanda juu ya lile kreti. "Jamani, sikilizeni. Athumani amekiri mwenyewe mbele ya bosi, na nyote mmeona. Bosi amemsamehe, polisi haitwi. Lakini kazi basi, kuanzia leo."

Sijui kama mmewahi kuona mtu anageuka kutafuta nyuma yake ni nani anayesemwa. Mjomba aligeuka hivyo.

"Nimekiri nini?" akauliza.

"Umesema sori," Meneja akamwambia.

"Nilimpa pole! Si nimempa pole mtu?"

Mzee mmoja wa wachukuzi, mtu aliyekuwa akimheshimu, akamuuliza kwa upole kabisa, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi, "Sasa Athumani, na huo mkono aliokupa ni wa nini? Na wewe ulikuwa unachekelea nini?"

Mjomba angemjibu nini? Mtu akikutuhumu unakataa, unaapa, unashika msahafu. Lakini mtu akishakusamehe unakataaje? Kila ukikataa unaonekana humjui hata aliyekutendea wema. Ule msamaha ulimfunga pingu ambazo polisi wa Utete hawana.

Nikaweka birika chini nikamkimbilia Mista Roni. Nilikuwa na Kiingereza cha stoo ya korosho, maneno mangapi sijui, yote yalinikimbia isipokuwa lile moja. Nikamwambia, mjomba wangu amesema sori lakini hana sori. Akanitazama kwa huruma. Nikamwambia, sori yake siyo sori yako. Nikamwambia, yeye hakufanya, ana sori tu. Akaniuliza, kama hakufanya, sori ya nini? Nikamwambia, ya kwako! Sori ya kwako! Akadhani namwambia yeye ndiye aombe radhi, uso ukabadilika, akainua kiganja: yatosha. Kila sentensi niliyoijenga ilikuwa na neno lile ndani, na kila nilipolitamka nilimkandamiza Mjomba zaidi. Nilimgeukia Meneja nalia, kamasi na machozi.

"Meneja, mwambie. Wewe unajua. Mwambie pole ni nini."

Alikunja mikono ya shati lake taratibu. "Nimwambieje, Siwema? Kiingereza hakina pole."

Nimeishi na maneno hayo maisha yangu yote. Kinachonichoma ni kwamba hakusema uongo. Nimewauliza walimu, nimemuuliza binti yangu aliyesoma mpaka chuo kikuu, wote wanaanza kunieleza, wanataja hili na lile, halafu wanafika mahali wananyamaza. Lakini angeweza kusema, bosi, huyu mzee anakuhurumia. Maneno machache tu. Alikuwa nayo mdomoni akayameza, akaenda kutafuta kivuli.

Yaliyofuata hayakuwa na kelele. Hakuna aliyemtukana Mjomba, hakuna aliyeacha kumwitikia salamu. Nyumbani tulikula kama kawaida, ila kamba hawakuwepo tena, ilikuwa kisamvu na samaki wa chumvi, na Bi Mgeni alizungumza juu ya mpunga na ndege waharibifu mpaka mwisho wa chakula ili pasipatikane nafasi ya jingine. Kisha jioni moja akaja ndugu yake Mzee Faki. Nilikuwa chumbani kwangu, ukuta wa udongo una nyufa, nilisikia kila kitu. Alisifia chai, akaulizia afya, akasema mambo ya vijana wa siku hizi yana usumbufu mwingi. "Basi tumeona tukupumzishe, Athumani. Ile safari ataimalizia mtu mwingine. Tusikuchoshe." Mjomba akasema hakuna neno. Yule mtu wa Mzee Faki alipoondoka nikamsikia Bi Mgeni: "Si useme! Si uwaeleze, mume wangu!" Naye akamjibu, bila hasira, "Niwaeleze kwa maneno yapi? Wanaonituma kwa ajili ya maneno ndio hao wamekuja kuyachukua."

Kambi ilifungwa kabla ya mwaka kuisha, friza likabaki pale, kuku wakataga ndani yake. Mista Roni alinipa mkono akiondoka, akaniambia nisome. Mimi nikarudi Kibiti. Mjomba alibaki Mbuchi na shamba lake la mpunga, na jina jipya, maana watoto hawana huruma: Athumani Sori. Mwanzo lilikuwa la kumkebehi. Baadaye likawa jina tu, waliozaliwa nyuma hawakujua lilikotoka. Lakini sisi wa ndani tuliona kitu kingine. Mjomba aliacha kutoa pole. Sisemi kwa kizungu. Aliacha hata kwa Kiswahili. Msibani alikuwa anakuja wa kwanza, anachimba kaburi, anabeba jeneza, anakaa na wafiwa mpaka mwisho, lakini neno lenyewe hatoi, anampa mtu mkono tu na kunyamaza. Alipofiwa na Bi Mgeni nilikwenda nikakaa naye, watu wanaingia pole Athumani, pole Athumani, na yeye anainamisha kichwa. Nilitaka kusema kitu. Mbele ya watu wote wale ningesema nini, kwamba ni mimi niliyemfundisha? Nilipika, nikaosha vyombo, nikarudi Kibiti na lile jambo likiwa palepale.

Kwa hiyo mwaka jana Utete nilifika nimejipanga. Nilikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, mikate ya kumimina, na hotuba niliyoitunga kwenye gari. Getini nikakutana na kijana wa Mbuchi aliyetoka kumwona mgonjwa wake, nikamuuliza kama anajua alipolazwa Mzee Athumani. "Yupi, Mzee Sori?" akaniambia kwa moyo mweupe kabisa, akanionyesha mlango. Ile hotuba ikanitoka kichwani yote.

Alikuwa kitanda cha dirishani. Amekonda, shuka limelala kana kwamba chini yake hakuna mtu, ila kofia ipo kichwani, safi. Nikakaa. Nikamshika mkono, ulikuwa mkavu. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema kile kinachosemwa na kila mtu wa kwetu akifika mbele ya kitanda cha mgonjwa.

"Pole, Mjomba."

Jibu lake linajulikana. Unasema nishapoa, au unasema ahsante, mazungumzo yanaendelea. Yeye alinigeukia taratibu, akanitazama machoni kama anavyotazamwa mtu anayepimwa, akaniuliza:

"Kwani ni wewe uliyefanya?"

Nikaangalia dirisha, nikaangalia chupa ya chai. Nilikuwa mtoto, nilifundishwa hivyo, nilikulilia mbele ya mzungu mpaka kiganja kikaniinukia. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapanga kumjibu. Nilipomrudishia macho nikaona anacheka. Anacheka kwa tumbo, bila sauti, mpaka kikohozi kikamshika na nikalazimika kumwinua kwenye mto. Alipopata pumzi alinyoosha ule mkono mkavu, kiganja juu, akauacha hapo juu ya shuka.

"Sema yes, Siwema," akaniambia. "Sema yes, nikupe mkono."

Nikasema. Akanipa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili kama alivyoshikwa yeye siku ile, na hakuniachia mpaka nesi alipokuja kutuambia muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.